Injini kubwa, kabureta ya kiasi

Najua nimekaa kimya, ila ile picha ya injini niliyowatumia imeniletea maswali mengi kuliko harusi yoyote niliyowahi kuwaonyesha. Baba mdogo wa Tanga ameuliza ni meli au gari. Mdogo wangu wa Arusha ameuliza kwa nini tumeondoa kabureta kubwa tukafunga ndogo, ilhali vijana wa bodaboda mtaani kwake wanafanya kinyume. Basi leo najibu yote kwa pamoja, kaeni vizuri, maana ni habari ndefu kidogo.

Gari ni Chevrolet Caprice ya mwaka 1973. Mwenye gari ni mzee wa hapa Etterbeek, miaka 78, jirani yangu wa mlango wa pili. Injini yake ni ile Wamarekani wanayoiita bigi bloku, inchi za ujazo 454, yaani lita 7.4. Fikirieni Corolla ile ya lita 1.3 tuliyokuwa nayo, kisha chukueni injini zake tano na bado mtabakiza nafasi. Chevrolet walianza kutoa familia hii ya injini mwaka 1965 wakiwa na 396, mwaka uliofuata ikaja 427, na 454 ikatoka mwaka 1970. Gari lenyewe lina uzito unaokaribia tani mbili, gia otomatiki, boneti ndefu kama meza ya kulia chakula ya watu kumi.

Msione ajabu gari la Kimarekani kukutwa Ubelgiji. General Motors walikuwa wakiunganisha Chevrolet Antwerpen tangu 1925, na kiwanda kile kilikuja kufungwa 2010 kikiwa cha Opel. Hapa hapa Brussels, D'Ieteren waliunganisha Studebaker kuanzia 1949. Na ukitoka kwetu kwa miguu dakika chache unafika bustani ya Cinquantenaire, kwenye yale matao makubwa, ambako pana makumbusho ya magari ya Autoworld, yaliyofunguliwa 1986 kwa kutumia magari aliyokusanya Bwana mmoja aitwaye Ghislain Mahy. Nimempeleka mzee pale mara mbili. Anapita mbele ya magari ya Kifaransa kama mtu anayepita mbele ya duka lililofungwa, akifika kwa ya Kimarekani anasimama na kuvua kofia.

Sasa tatizo. Mzee alinunua gari hili miaka kadhaa iliyopita kwa mtu aliyependa mashindano ya kukimbizana. Yule bwana alikuwa ametoa kabureta ya kiwandani, ile Quadrajet ya Rochester, akabadilisha na manifoldi, kisha akafunga kabureta ya matundu manne ya CFM 850, ya aina ambayo matundu yote manne yanafunguka kwa waya wa mguu. CFM ni futi za ujazo za hewa kwa dakika, ndivyo Wamarekani wanavyopima kabureta. Ukisimama nayo taa nyekundu Rond-point Schuman, mbele ya jengo la Berlaymont na wakubwa wote wa Ulaya, gari linatoa harufu ya petroli mpaka watembea kwa miguu wanafunika pua. Taa ikiwa kijani, unakanyaga, linasita, linakohoa, halafu ama linaruka mbele kama mbuzi ama linazima kabisa. Mara tatu lilizima kwenye Rue de la Loi wakati wa foleni ya asubuhi ya Jumamosi ya maandamano. Mzee wa watu akasukumwa pembeni na polisi.

Tena kulikuwa na jambo la haraka. Mjukuu wake wa kike alikuwa anaolewa Septemba. Hapa kwa sheria ndoa ya serikali ndiyo inatangulia, ya kanisani inafuata baadaye kwa anayetaka, na mzee alikuwa ameahidi tangu binti ana miaka saba kwamba yeye ndiye atamfikisha manispaa kwa Chevrolet. Marehemu mke wake naye alikuwa shahidi wa ahadi hiyo. Ikafika Juni, gereji moja ikamwambia suluhisho ni kung'oa kila kitu na kufunga mfumo wa kompyuta wa kupuliza mafuta, kwa bei ambayo sitaiandika hapa maana shangazi anasoma na ana presha. Na kulikuwa na mnunuzi tayari, amekuja mara mbili na pesa mkononi. Mzee akaniambia kwa Kifaransa chake cha taratibu: kijana, wewe umekulia kwenye mafundi, niambie kweli, niuze?

Nikamwambia asubiri tupige hesabu kwanza. Hesabu yenyewe ni hii, na mdogo wangu ichukue kalamu.

Injini ya mipigo minne inavuta hewa mara moja kila mizunguko miwili. Kwa hiyo injini ya lita 7.4 inavuta lita 3.7 kwa kila mzunguko. Ikizunguka mara 5,000 kwa dakika, ambayo kwa Caprice ya familia ni kelele ya kutosha, inataka lita 18,500. Lakini silinda hazijai kabisa, hakuna injini ya kawaida ya barabarani inayojaza silinda zake kikamilifu ikiwa na kasi. Asilimia 85 ni makadirio ya ukarimu. Tunabaki na lita kama 15,700 kwa dakika. Futi moja ya ujazo ni lita 28.3. Gawanya: unapata CFM 555 hivi. Wamarekani wenyewe wanafupisha kwa kuzidisha inchi za ujazo kwa mizunguko, kisha wanagawa kwa 3456, jibu ni lile lile ukikumbuka kupunguza ile asilimia.

Sasa rudini kwenye ile kabureta ya 850. Ili injini hii iweze kuimaliza, ingebidi izunguke zaidi ya mara 7,600 kwa dakika. Caprice! Kabla ya kufika huko ingekuwa imeshatema valvu zake hadi Namur.

Watu wengi wanadhani kabureta ni kama mdomo wa mtu mwenye njaa, ukiupanua anakula zaidi. Hapana. Kabureta haisukumi kitu. Ni injini inayovuta. Hewa ikipita kwenye ile sehemu iliyobanwa, venchuri, inalazimika kukimbia, na ikikimbia mgandamizo wake unashuka. Kushuka huko ndiko kunakonyonya petroli kutoka kwenye bakuli na kuivunja iwe ukungu. Ukitanua tundu kupita kiasi, hewa inapita inatembea kama bibi harusi. Haina nguvu ya kunyonya. Petroli inatoka kwa matone badala ya ukungu, nyingine inalowanisha kuta za manifoldi, nyingine inaingia silinda moja kuliko jirani yake. Ndiyo maana plagi za mzee zilikuwa nyeusi tii, masizi unaweza kuandikia jina. Na ndiyo maana ya kule kukohoa: matundu yote yanafunguka ghafla, hewa inaingia mara moja kwa kuwa ni nyepesi, petroli ni nzito inachelewa. Kabureta zina pampu ndogo ya kurushia mafuta ya dharura ili kuziba pengo hilo, na ile ya 850 ilikuwa na mbili. Zote mbili zilikuwa zinarusha petroli kila mzee alipogusa mguu, kwenye foleni, siku nzima.

Halafu tazameni gari linatumika wapi. Tangu tarehe 1 Januari 2021 mwendo wa kawaida ndani ya jiji la Brussels ni kilomita 30 kwa saa, isipokuwa barabara zilizowekewa alama nyingine. Kwa gia otomatiki na injini hii, kilomita 30 ni kidogo tu juu ya sailensa. Kabureta ya gari hili inaishi maisha yake karibu yote ikiwa imefunguka kama mlango uliowekewa kokoto. Hapo ndipo pa kuichagulia, si kwenye ndoto ya barabara kuu.

Mzee alikuwa na kijana wa mtandaoni, sijui Marekani sijui wapi, anayemwambia bigi bloku yoyote chini ya 850 ni dhambi. Nikamwonyesha jambo moja tu. Mwaka 1970 Chevrolet walipotoa 454 kali kuliko zote, LS6 ya nguvu farasi 450, walifunga Holley ya CFM 780. Hiyo ndiyo iliyokuwa ya mbio. Ile 454 ya watu wa kawaida ilipewa Quadrajet, na Quadrajet ya kawaida ilipimwa 750. Wahandisi wa General Motors hawakukosa pesa ya kununua kubwa zaidi.

Hapa ndipo tulipobishana, mimi na mzee, jikoni kwake, kahawa na biskuti. Yeye baada ya kuona hesabu akageuka kabisa upande wa pili: kama jibu ni 555, basi tununue 600, tuokoe mafuta. Wabelgiji wakishashika kalamu ni watu wa hesabu hasa. Nikamwambia 600 ingeendesha gari, sikatai, na kwenye foleni pengine ingekuwa tamu. Ila kuna mambo mawili. Kwanza, hicho kipimo cha CFM kwa kabureta za matundu manne kinachukuliwa kukiwa na mvuto wa inchi 1.5 za zebaki chini yake. Maana yake ukiitumia 600 karibu na kikomo, kabureta yenyewe imeshaanza kuwa kizuizi, na injini inaanza kupoteza pumzi pale pale unapoihitaji, kwa mfano ukiwa unaingia barabara kuu na lori la Poland liko nyuma yako. (Kabureta za matundu mawili hupimwa kwa inchi 3, kwa hiyo namba zake zinaonekana kubwa kuliko ukweli. Ukitaka kulinganisha, gawa namba ya matundu mawili kwa 1.4. Mafundi wengi wanatapeliwa hapo.) Pili, injini kubwa ina faida yake: hata ikizunguka polepole, lita 3.7 kwa mzunguko ni mvuto mzito. Tundu ambalo lingekuwa pana mno kwa injini ya lita 5, kwa hii ya 7.4 bado hewa inakimbia vya kutosha.

Kwa hiyo nilishikilia 750, lakini ya aina nyingine. Na hii aina kwangu ni muhimu kuliko namba. Ni ile ambayo matundu mawili ya mbele yanafunguliwa na mguu, na mawili ya nyuma yanafunguliwa na vakyumu, kupitia dayaframu na springi. Wewe kanyaga utakavyo. Kama injini haijavuta hewa ya kutosha, ya nyuma yanabaki yamefungwa. Ni kama mke mwenye busara aliyeshika ufunguo wa stoo. Kwa gari zito lenye gia otomatiki hakuna mjadala. Ile ya waya inafaa gari jepesi, gia za mkono, difu fupi, na dereva anayejua anachofanya. Mzee wa miaka 78 anayempeleka bibi harusi manispaa hahitaji kitu kinachofunguka chote kwa bahati mbaya ya kiatu.

Tulipata Holley ya 750 iliyotumika, ya springi na dayaframu, kwa mtu wa upande wa Liège. Nikaifungua yote mezani. Boya zilikuwa nzima, gasketi zimekauka, dayaframu ina ufa mdogo. Hapa niseme kitu kwa ajili ya Baba mdogo na Land Rover yake: petroli ya 95 inayouzwa hapa tangu 2017 ina ethanoli hadi asilimia 10, na ethanoli inakula mpira wa zamani, halafu inataka mafuta mengi zaidi kwa hewa ile ile. Kwa hiyo tulifunga vifaa vipya vinavyovumilia ethanoli na mzee sasa anajaza 98. Huko nyumbani angalieni tu mpira wa pampu mnaponunua spea za bei poa, msije mkalaumu kabureta bure.

Kuna na kidude kinaitwa valvu ya nguvu, kinaongeza mafuta injini ikibebeshwa mzigo. Kina namba. Ukikuta 6.5, maana yake kinafunguka mvuto wa manifoldi ukishuka hadi inchi 6.5 za zebaki. Kanuni ya mafundi ni kuchukua nusu ya mvuto uliopo gari likiwa sailensa. Tulipima tukapata inchi 14, kwa hiyo 6.5 ikakaa. Kama ungekuwa na kamshafti ya mbio inayotoa inchi 8 tu, hiyo 6.5 ingekuwa inafunguka na kufunga taa ya Schuman nzima, na ungeshinda unabadilisha jeti bila kujua mchawi ni nani.

Basi tukafunga Jumapili moja asubuhi, watu wa Ulaya wote wamelala. Ikawaka mara ya pili. Sailensa ikatulia, mizunguko 700, unaweza kuweka kikombe juu ya chujio la hewa. Tukatoka taratibu, tukashuka Place Jourdan ambako watu wanapanga foleni ya chipsi, tukapanda Belliard, tukazunguka Schuman mara nne kama watalii. Halikusita hata mara moja. Harufu ilikuwepo kidogo, si ile ya kufukuza watu.

Lakini nilitaka ushahidi, si furaha. Kwenye fimbo ya dayaframu ya matundu ya nyuma unabana kile kibanio cha karatasi cha ofisini, ukikisogeza hadi juu. Fimbo ikitembea inakisukuma, na kinabaki pale pale ilipofika. Baada ya mjini kote, kilomita 22 kwa kipimo cha gari, nikafungua boneti: kibanio hakijasogea hata unene wa kucha. Mjini kote gari lilikuwa linatumia nusu kabureta tu! Mzee akavaa miwani, akaangalia, akaangalia tena. Kisha tukaenda E40 kuelekea Leuven, nikamwambia kwenye kuingilia akanyage mpaka sakafuni, mara moja tu, akiachia kabla ya 120. Tukatoka pa kupumzikia, tukafungua. Kibanio kilikuwa kimefika kama nusu ya njia. Yaani hata 750 yenyewe haikufunguka yote. Pale mzee alikaa kimya muda, halafu akasema yule bwana wa mbio alikuwa amemfungia bomba la zimamoto kwenye birika la chai. Nimeipenda.

Springi tuliyokuwa nayo ni nzito kidogo. Zipo nyepesi zinazofungua mapema, unabadilisha moja moja hadi gari lianze kusita, kisha unarudi hatua moja nyuma. Tulijaribu moja nyepesi zaidi, ikaongeza uchangamfu wa kuingia barabara kuu, tukaiacha hiyo.

Mafuta? Msinicheke. Kwa kujaza pampu hadi pampu, mjini lilikuwa linakunywa lita 38 kwa kilomita 100, sasa ni 27. Bado ni jini. Nisingemshauri mtu alinunue kwa ajili ya kwenda sokoni, na sheria yenyewe haimruhusu: gari likiwa na namba ya magari ya kale, ile inayoanza na herufi O, hulitumii kwenda kazini wala kupeleka watoto shule, na huliendeshi kwa kulipwa. Ila kwa namba hiyo, gari lililopita miaka 30 linaachiwa kuingia jijini, ingawa tangu 2018 magari machafu yamepigwa marufuku Brussels. Mjukuu wa mwenye gari kupelekwa kwenye ndoa yake hakuna aliyekataza.

Mdogo wangu wa Arusha, kuhusu bodaboda. Piga hesabu ile ile, nusu ya ujazo mara mizunguko mara 0.85, utaona pikipiki ya cc 150 inahitaji hewa kidogo mno. Halafu mko kama mita 1,400 juu ya bahari, hewa yenu ni nyepesi kuliko ya Tanga kwa karibu asilimia 15, kwa hiyo pikipiki iliyotyuniwa pwani ikifika kwenu tayari inapata mafuta mengi kupita hewa. Hao vijana wanaofunga kabureta kubwa wanaongeza tatizo juu ya tatizo. Wanasikia mlio umebadilika wanadhani ni nguvu. Waambie waanze na kusafisha chujio, kisha washushe jeti kuu namba moja, waangalie rangi ya plagi. Ikiwa ya hudhurungi kama chai ya maziwa waache hapo.

Na Baba mdogo, Land Rover yako ya lita 2.25 ikizunguka 4,000 inataka lita 4,500 kwa dakika, na ukipunguza ile asilimia hata CFM 140 hazifiki. Huyo fundi anayekwambia ufunge ya matundu manne kutoka kwenye gari la Kimarekani lililokufa bandarini, mpe chai, mshukuru, aende zake.

Harusi ilikuwa Jumamosi ya pili ya Septemba. Kulikuwa na mvua, kama kawaida. Mzee aliendesha mwenyewe, mimi nilikaa nyuma na mwavuli wa bibi harusi na kisanduku cha spana chini ya miguu, na spana haikutoka. Yule mnunuzi alipiga simu tena Jumatatu. Mzee alimwambia gari limeshapata kazi. Sasa tunasubiri majira ya kuchipua tubadilishe gasketi za manifoldi, upande wa kushoto zinavuja kidogo, na picha nitawawekea.